Insha moja, wasahihishaji wanne: yupi umpe daftari?

Daftari 62 za Kidato cha Tatu hujaza mfuko wa mchele wa kilo 25 na kubakisha nafasi ya chupa ya maji. Najua, kwa sababu huo ndio mfuko ninaoushusha kwenye gari ya Konde kila baada ya wiki mbili, na utingo keshazoea kuniuliza, "Maalim, mchele tena leo?" Nikiipa kila insha dakika 8, na hapo sijanywa chai wala sijaswali, zinatimia saa 8 na dakika 16. Kwa hivyo mwalimu wa Kiswahili huku Pemba anayeuliza asahihishe vipi huwa anauliza mambo mawili kwa pumzi moja: kipi kitamfaa mwanafunzi, na kipi nitakiweza mimi kabla macho hayajanitoka.

Nimezijaribu njia nne, nyingine kwa kupenda, nyingine kwa kulazimika. Ili zipimwe kwa pishi moja, nimechukua aya moja tu na kuipitisha kwa wote wanne. Mwenye aya ni kijana wa darasa langu, ambaye kaniruhusu niitumie mradi nisimtaje. Mada ilikuwa msimu wa karafuu, maneno 250 hadi 300. Hii ni aya yake ya pili:

"Siku ile baba kaamka mapema na sisi tukaamka tukaenda shamba na mama kenda na pakacha na babu kabakia nyumbani kwasababu mguu unamuuma. Tulichuma karafuu tukachuma mpaka jioni. Nilipanda mkarafuu mkubwa tawi likakatika nikaanguka lakini sikuumia. Karafuu ni zao muhimu sana kwa uchumi wa nchi yetu."

Rudi kwenye sentensi ya tatu. Mtoto kaanguka kutoka juu ya mkarafuu, mti ambao kila mtu kisiwani hapa anajua matawi yake yanavyokatika upesi, na jambo lote kalimaliza kwa maneno manane. Halafu kakimbilia kwenye uchumi wa nchi yetu.

Wa kwanza: wino mwekundu

Huyu ndiye aliyetusomesha sote. Nilipompa aya hii alirudi na makosa manane: kaamka, kenda na kabakia, matatu hayo, "kwasababu" iliyoshikana, la nne, mikato mitatu iliyokosekana, na sentensi moja iliyovutwa na "na" mpaka ikakosa pumzi. Kila kosa nililipigia mstari na juu yake nikaandika lililo sahihi. Chini nikaweka alama 9 kwa 20.

Kijana alifanya masahihisho siku ya pili yake. Aliinakili aya nzima, safi, mikato mahali pake, baba ameamka, mama amekwenda, babu amebakia. Tawi likakatika, nikaanguka, lakini sikuumia. Ilikuwa insha ileile iliyokogeshwa na kuvalishwa kanzu ya Idi.

Siulaumu wino wenyewe. Kuna mambo ambayo dawa yake ni hiyo tu. Mtoto anayeandika "kwasababu" hatajua kwamba ni maneno mawili mpaka mtu amwoneshe, na swali la kifalsafa pembeni halitamsaidia. Shairi nalo ni hivyohivyo: mshororo wa tarbia wenye mizani 15 unapotakiwa kuwa na 16 hauhesabiwi kwa upole, huambiwa umepungua. Na wiki za mwisho kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, mwanafunzi anataka kuyaona makosa yake yote kwa pamoja, na ana haki hiyo.

Shida ni wingi. Mwaka 1996 mtaalamu John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuna faida ya kutosha na kunaweza hata kudhuru, akashauri kuachwe kabisa. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba kafunga hukumu mapema mno, kwani masahihisho yaliyochaguliwa vizuri na yaliyo wazi huweza kusaidia. Ubishi wao ni wa lugha ya pili, basi hapa unaingia moja kwa moja kwenye insha za Kiingereza za watoto wetu. Katika Kiswahili mimi niko upande wa Ferris, kwa sharti moja: kosa la aina moja kwa wiki. Wiki hii ni maneno yanayoshikanishwa, wiki ijayo mikato. Mengine nayaona, nayapita.

Kisha kuna hili la "kenda", ambalo msomaji wa bara huenda akaliona dogo. Kwa mtu wa Pemba au wa Unguja, "mama kenda" si uzembe, ndivyo wazee wetu wanavyosema. Kiunguja kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini si kila neno la barazani lililopanda kwenye vitabu; "amekwenda" ilipanda, "kenda" ikabaki chini na watu wake. Wino mwekundu haujui kueleza hayo. Unakata tu, na mtoto anaelewa kwamba mdomo wa mamake una kosa.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa mwanzo wa kusomesha niliandika chini ya insha ya msichana mmoja maneno mawili, "Lugha mbovu". Alikuwa akiandika kurasa tatu kila mara. Baada ya hapo akawa anaandika nusu ukurasa, sentensi fupifupi za maneno aliyokuwa na hakika nayo, na makosa hayakuonekana tena. Nilimsifu kwa maendeleo. Ilinichukua muhula mzima kutambua kwamba nimemfunga mdomo.

Wa pili: swali pembeni, bila ya alama

Njia hii ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Unaisoma insha yote bila ya kalamu. Kisha unaandika pembeni maswali mawili au matatu, kwa penseli ikiwezekana, na alama huweki. Kwa aya yetu niliandika moja tu: "Tawi lilipoanza kukatika, ulisikia nini, ulishika nini?"

Kwa nini alama isiwekwe? Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa skuli ya msingi nchini Israel. Kundi moja lilipewa alama peke yake, la pili maoni peke yake, la tatu vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio waliopanda na kuendelea kuwa na hamu ya kazi. Waliopewa vyote viwili walifanana na wale wa alama. Kazi zenyewe hazikuwa insha, lakini mtu aliyewahi kurudisha daftari darasani hahitaji kushawishiwa sana: watoto hufunua ukurasa wa mwisho, huiona 9, huchungulia ya jirani, na daftari hufungwa. Maneno yako uliyoyakesha hayajasomwa.

Kwa muda, njia hii inakuponya. Dakika 4 kwa insha ni saa 4 na dakika 8 kwa darasa langu, nusu ya ule mzigo wa mwanzo. Lakini ujiandae kwa watu wazima. Mkaguzi mmoja alifunua daftari za darasa langu akaniuliza kwa nini hazikusahihishwa. Nilimwonesha maswali. Akasema hayo ni maandishi ya penseli. Wazazi nao wanaitaka namba, na siwalaumu, maana namba ndiyo lugha pekee ambayo skuli imewazoeza kuzungumza nayo. Siku hizi alama naziweka, ila katika rasimu ya pili, baada ya swali kujibiwa.

Na jibu lenyewe lilikujaje? Kijana aliongeza sentensi moja: "Niliposikia tawi linakatika nilishika tawi jengine." Basi. Kanijibu mimi, insha kaiacha ilipo. Hii ndiyo kasoro ya swali la pembeni: mwanafunzi hulichukulia kama swali la ufahamu, analijibu, na kuondoka. Wenye lugha tayari mkononi, watano au sita katika darasa langu, husoma swali moja wakaandika ukurasa mzima. Waliobaki wanahitaji kitu zaidi.

Wa tatu: uso kwa uso

Chuoni hakuna aliyewahi kurudishiwa kurasa za Kurani zenye wino mwekundu. Mtoto husoma, maalimu husikiliza huku akisuka ukili, na herufi ikitoka pasipo pahala pake humrudisha hapohapo, mara moja, mara kumi, mpaka ikae. Sisi wa Pemba tumelelewa na njia hii tangu hatujajua kushika kalamu, na bado tukifika skuli tunaiona ngeni.

Nilimwita yule kijana wakati wa mapumziko, tukakaa chini ya mwembe, daftari katikati yetu.

"Hebu nieleze ulivyoanguka," nikamwambia, na daftari nikalifunga.

"Nilikuwa juu, maalim, juu kabisa. Tawi likaanza kulia."

"Linalia vipi?"

Akacheka. "Kama ule mlango wa banda la mbuzi wetu. Nikashika kitawi cha juu, kikaja na mkono. Baba yuko chini anatandaza jamvi. Kanyanyua kichwa, kasema, 'Kaanguka!' Na mimi hata sijafika chini bado!"

Tulicheka sote wawili. Kisha nikamwambia aende akaandike alivyonieleza, neno kwa neno, kabla hajasahau. Aliandika akiwa amesimama, daftari juu ya ukuta. Dakika 5 hazikutimia.

Linganisha hapo. Wino ulimpa aya safi, swali la pembeni likampa sentensi moja, mazungumzo yakampa kisa. Sababu si siri. Watoto hawa wamezaliwa katika watu wa kusimulia. Hadithi wanayo mdomoni, na daftari ndilo linalowatia ububu. Unapomuuliza ana kwa ana, uso wako unamwambia wapi umevutiwa na wapi umepotea, na yeye anajirekebisha hapohapo bila ya kusahihishwa. Na sikuigusa "Kaanguka!" ya baba. Hayo ni maneno ya baba, na baba anasema hivyo. Nilimweleza kijana kwamba msimulizi wake aandike "ameanguka", na baba yake aachiwe kauli yake. Alilifahamu jambo hilo kwa dakika moja. Wino wangu mwekundu haujawahi kulieleza mwaka mzima.

Bei yake sasa. Dakika 5 kwa watoto 62 ni saa 5 na dakika 10, ambazo si ghali kuliko wino, lakini huwezi kuzibeba kwenye mfuko wa mchele na kuzifanyia nyumbani usiku. Ni lazima mtoto awepo. Mimi huwaona sita kwa siku, na darasa zima linanimalizia siku 11 za skuli. Msimu wa karafuu ukiwa umekolea ndio kabisa, nusu ya madawati yako wazi na hao unaowataka wako juu ya miti. Tena kuna watoto, khasa wasichana wenye haya, ambao ukiwaita peke yao hujibu "naam" na "sijui" mpaka kengele inalia. Hao waite wawili wawili.

Wa nne: mwenza wa dawati

Nilikuwa na dharau na njia hii, nikiri. Mara ya kwanza nilipowaambia wabadilishane daftari na watoe maoni, nilipata "Mashaallah nzuri sana" 40 na kitu, na moja iliyosema "Mwandiko wako kama kuku". Nikaona ni kupoteza kipindi.

Kosa lilikuwa langu. Nimewaambia watoe maoni, sikuwaambia watafute nini. Siku hizi naandika ubaoni maswali matatu, na kila mmoja anayajibu nyuma ya ukurasa wa mwenzake: Wapi ulitaka kujua zaidi? Wapi ulipotea? Sentensi gani ungetamani iwe yako? La tatu ndilo lililoua "Mashaallah", maana sasa sifa lazima ioneshe kidole. Masahihisho ya tahajia nimeyapiga marufuku, kwa sababu mtoto asiyejua "kwa sababu" huenda akamharibia anayejua.

Mwenza wa kijana wetu aliisoma rasimu yenye mlango wa banda la mbuzi, akaandika swali ambalo mimi, na shahada yangu, nisingeliwaza: "Zile karafuu ulizokuwa nazo zilimwagika? Baba kaangalia nini kwanza?"

Mtu anayeuliza hivyo amewahi kuchuma. Anajua kwamba pakacha lililomwagika ni pishi zilizopotea, na anajua wazazi. Mwalimu husoma insha kama mwalimu. Mwenza husoma kama mtu anayetaka kujua kilichotokea, na huyo ndiye msomaji ambaye mwandishi anamhitaji tangu zamani.

Faida kubwa ya njia hii, hata hivyo, haiko kwa anayepewa maoni. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker, wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa Kiingereza waliogawanywa makundi mawili: wengine walitoa maoni tu juu ya insha za watu, wengine walipokea tu. Waliotoa ndio walioendelea zaidi katika maandishi yao wenyewe, na khasa wale waliokuwa ngazi ya chini. Nimeliona hilo kwa macho. Mtoto aliyemwandikia mwenzake "hapa nimepotea" mara tatu huanza kusita kwenye daftari lake, kalamu hewani, akijiuliza kama na yeye anampoteza mtu.

Inagharimu vipindi viwili vya dakika 40, na mwalimu anapita kati ya madawati. Usiku unalala. Inahitaji lakini darasa lisilo na fitina, na ukiwa na watoto wawili ambao familia zao hazisemezani, usiwape daftari za kubadilishana. Nalisema hili kwa mzaha nusu tu.

Na simu je?

Kwa kifupi, maana naulizwa sana. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni mazungumzo yasiyo na uso: niliwahi kuutumia wakati wa likizo, kwa simu za akina mama, na uliwafaa wanaoishi mbali, ila mtoto hawezi kunikatiza na bando la mzazi linaliwa. Programu za akili mnemba nimezijaribu kwa aya hii hii. Niliyoitumia iliweka mikato vizuri, ikageuza shamba kuwa "mashambani", ikamfanya baba aseme "Ameanguka!" na ikamalizia kwa sentensi mbili zaidi za uchumi wa nchi. Kwa kutafuta maneno yaliyoshikana, itumie. Kwa jengine, mtafute mwenza.

Basi uchague vipi

Ukiwa mwalimu wa darasa la watu 60 na zaidi, anza na mwenza wa dawati katika rasimu ya kwanza, halafu swali la pembeni katika ya pili, na mazungumzo uwawekee wale kumi ambao njia hizo mbili hazikuwagusa. Wino mwekundu uache mwisho kabisa, kosa la aina moja, alama juu yake. Ukiwa na darasa la watu 25, bahati yako, kaa nao uso kwa uso na mengine usiyashughulikie.

Mzazi, usitafute wino daftarini. Mwambie mwanao akusomee insha kwa sauti wakati mnachambua karafuu barazani, na pale utakapotaka kumwuliza "ikawaje?", muulize. Hujui sarufi? Haidhuru. Umeshakuwa msahihishaji wa tatu na wa nne kwa pamoja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne unayedurusu peke yako, wewe ndiye pekee ninayekwambia uutafute wino kwanza: mpe mwalimu insha moja akuoneshe makosa yako yote, yaandike katika karatasi moja, na uibandike ukutani. Kisha tafuta mwenza.

Jambo moja halibadiliki kwa yeyote kati yenu. Njia isiyomrudisha mwanafunzi kwenye karatasi kuandika tena, hata ikiwa nzuri namna gani, ni pumzi tupu. Mimi sasa nasahihisha insha nne kwa muhula nilipokuwa nikisahihisha nane, na kila moja inaandikwa mara mbili au tatu.

Rasimu ya tatu ya kijana wetu niliipokea Jumatatu. Tawi linalia kama mlango wa banda la mbuzi, kitawi kinakuja na mkono, baba anasema "Kaanguka!" mtu akiwa bado hewani. Halafu: "Karafuu zilitawanyika mpaka kwenye mgomba. Baba aliniangalia mimi kwanza, halafu karafuu, halafu mimi tena." Nilimwambia hiyo ya mwisho ningetamani iwe yangu. Akainamisha kichwa, akaweka kidole kwenye mstari unaofuata, ule wa zao muhimu sana kwa uchumi wa nchi yetu.

"Na hii, maalim, niiache?"

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye daftari la kaka."

"Kaka yako aliwahi kuanguka?"

Alifikiri kidogo. Akaomba penseli.